Ushauri: uwanja wetu wa gofu wa mashimo tisa unakosa wachezaji, tuanzie wapi?

MtuWaGrini: Hamjambo wanagofu. Niko kwenye kamati ya klabu ndogo hapa Nairobi, upande wa udongo mweusi. Mgeni akicheza kwetu mara moja harudi. Masika maji yanatuama kwenye fewei mbili (njia za nyasi fupi kuelekea shimo), kiangazi ardhi inapasuka, na kwenye grini, pale penye nyasi fupi laini kuzunguka shimo, mpira unarukaruka. Pesa za mwaka huu hazitoshi kila kitu. Wenzangu wanataka kukarabati baa, mimi nataka uwanja kwanza. Nisaidieni hoja.

Fundi wa Nyasi: Uko sahihi kabisa, na shika grini kwanza. Kwa hesabu ya pa, yaani mipigo inayotarajiwa, ukizunguka mashimo 18 mipigo 36 kati ya 72 ni ya kuputi, kusukuma mpira shimoni kwenye grini. Baa nzuri haimfuti mtu machungu ya mpira uliopinda bila sababu. Tazama kingo: nyasi ya Kikuyu hutambaa juu na chini ya ardhi, ikishaingia kwenye grini inaleta mabonge. Ing'oe kwa mkono, kata ukingo mara kwa mara. Toboa matundu, kisha mwaga mchanga safi kidogo kidogo. Wachezaji watalalamika siku chache, kwa hiyo watangazie mapema. Na usinyoe chini sana kiangazi, nyasi itaungua.

Baba Njeri: Kuhusu maji, udongo mweusi haunywi haraka, hata ukingoja wiki. Tengeneza mteremko, chimba mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu. Fanya fewei moja kabla ya mvua za Machi uone inavyokwenda. Mkifikiria kisima cha kuchimba, pateni kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Wambui wa Jumamosi: Kaka, usitusahau wanawake na wanaoanza. Wekeni ti (mahali pa kupigia mpigo wa kwanza) za mbele zilizosawazishwa vizuri, siyo alama mbili zilizotupwa kwenye nyasi. Halafu kila shimo liwe na ti ya pili yenye pembe tofauti, ili anayezunguka mara mbili asihisi anarudia mchezo uleule. Choo kisafi mbali na jumba la klabu pia, tafadhali. Mimi nimeacha kwenda viwanja viwili kwa sababu hiyo tu.

Kedi Mkongwe: Wafunzeni makedi, wabeba mifuko ya wachezaji, kujaza mchanga palipong'oka nyasi, na muwalipe vizuri. Mgeni akipata kedi anayesoma grini, atamuulizia tena.

MtuWaGrini: Asanteni sana. Hiyo ya 36 kati ya 72 naipeleka kwenye kikao. Dada Wambui, wanaotoka kazini jioni watakuja?

Wambui wa Jumamosi: Watakuja, mkiwauzia mashimo tisa kama mchezo kamili. Mfumo wa dunia wa handikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, ulioanza 2020 unapokea kadi ya matokeo ya mashimo tisa. Wape nafasi kuanzia saa kumi, maana giza letu linaingia mapema, na msiwachanganye na makundi ya watu wanne wanaotembea polepole.