Uani kwa Mama

*Kikundi: NYUMBANI NKUHUNGU*

Ijumaa

Mimi: Mbukwenyi nyumbani. Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Nimetoka kwa Mama sasa hivi, roho haijatulia. Minyaa ya uani imekatwa. Haikupunguzwa, imekatwa hadi mashinani, kuanzia kona ya choo mpaka karibu na banda la kuku. Nimepima kwa miguu, hatua 18.

Mimi: 📷📷📷

Dada Mwanza: Mungu wangu. Nani kakata?

Mimi: Mafundi wa jirani wa nyuma, yule mwenye ghorofa ya wapangaji. Mama alikwenda Majengo sokoni, anarudi saa sita anakuta mapanga yanafanya kazi. Fundi anasema ametumwa kusafisha mpaka, bosi anataka kujenga ukuta.

Kaka Dar: Hata hodi hawakupiga?

Mimi: Hata hodi.

Shangazi: Watoto wako wapi?? Utomvu wa mnyaa si wa kuchezea, ukiingia jichoni unaweza kupofua!

Mimi: Shangazi, ndicho nilichokimbilia. Mjukuu nilimkuta anachuruzisha yale maziwa kwenye kopo, eti anapika chai. Nimemwosha kwa sabuni na maji mengi, macho yake salama. Fundi mmoja ndiye aliyepatwa. Amekaa juu ya ndoo anajimwagia maji usoni, jicho limekuwa jekundu limevimba. Mama mwenyewe kampelekea dumu la pili la maji. Nimemwambia aende zahanati leo leo, asilale nalo.

Dada Mwanza: Na Mama anasemaje?

Mimi: Hasemi kitu, yuko jikoni. Mlenda aliouanika kwenye ungo tangu juzi umeingia mchanga wote. Ameumwaga.

Mama: Wanangu hamjambo. Naandikiwa na mjukuu. Minyaa ile baba yenu aliipanda mwaka 1984, vijiti alivileta kwa baiskeli. Mimi uani ndicho chumba changu kisicho na paa. Pale naogesha mtoto, napepeta, nafua, navua kilemba nikapata hewa. Leo jioni nimetoka bafuni nikainua macho, nikaona vijana wawili wamesimama kwenye ile baraza ya juu. Wamenisalimia vizuri, shikamoo bibi. Nimeitikia. Lakini nilikuwa na kanga moja tu mwilini.

Kaka Dar: Mama shikamoo. Nimesoma mara mbili na mikono inatetemeka. Kesho natuma hela. Fundi aanze Jumatatu, ukuta wa bloku za inchi sita, mita tatu kwenda juu, mwisho wa habari. Na huyo bwana tunampeleka baraza la kata.

Wifi: Pole sana Mama. Kwa haraka si tungeweka hata mabati? Siku moja yanaisha.

Shangazi: Mabati Dodoma, wifi? Subiri upepo wa mwezi wa saba. Usiku kucha yanapiga kelele, na nguzo zisipokuwa nzito unayafuata kwa majirani. Mchana nao uani panakuwa kikaango.

Mjomba: Poleni wanangu. Dada yangu pole sana. Sasa nisikilizeni kabla hela haijatoka Dar. Kile kiwanja kilipimwa enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. CDA ilivunjwa 2017, kazi zake zikaenda Manispaa ambayo sasa ni Jiji, lakini bikoni, zile alama za mpaka, hazikuhama. Ziko ardhini. Ni nondo iliyomiminiwa zege, na nakala ya ramani ya kiwanja ninayo mimi, baba yenu aliniachia. Msiweke hata tofali moja kabla hatujaziona bikoni. Ukijenga juu ya mpaka usioujua, utakuja kuubomoa kwa hela yako mwenyewe.

Kaka Dar: Mjomba kwa heshima zote, minyaa ndiyo mpaka. Miaka 40 imesimama pale na hakuna aliyeuliza.

Mjomba: Mnyaa unatembea, mwanangu. Tawi likianguka linaota pale pale lilipoangukia. Miaka 40 ni safari ndefu.

Dada Mwanza: Na kuhusu baraza la kata, Kaka, tangu sheria irekebishwe 2021 halitoi hukumu tena kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo hata tukienda huko, jambo la kwanza tutakaloambiwa ni kukaa na huyo bwana tuzungumze. Bora tukae naye wenyewe, balozi wa nyumba kumi akiwepo.

Kaka Dar: Mmekuwa wapole mno. Mama ameangaliwa akitoka kuoga!

Dada Mwanza: Najua. Ndiyo maana nataka ukuta utakaobaki umesimama.

Mimi: Nimeongea na balozi. Kesho saa tatu. Jirani anakaa Kisasa, amekubali kuja.

Jumamosi

Mimi: Tumeanza. Mjomba amekuja na bodaboda, ramani kwenye mfuko wa nailoni, tepu ya mita 50 na jembe.

Shangazi: Jirani kafika?

Mimi: Kafika. Mtu mzima, kaja peke yake.

Mimi: Bikoni ya kwanza imepatikana! Ilikuwa chini ya lundo la taka za wapangaji, nepi, chupa, maganda ya mihogo. Mjomba amepiga magoti akaisugua kwa mkono mpaka nondo ikaonekana. Ya pili iko nyuma ya banda la kuku, hiyo haikuhitaji hata kuchimba sana. Tumevuta kamba.

Kaka Dar: Kamba imepita wapi?

Mimi: Kaka, imepita katikati ya minyaa. Upande wa choo mashina 11 yako kwake. Upande wa kuku yaliyobaki yako kwetu. Mjomba amesema kweli, ilitembea.

Kaka Dar: ...

Mjomba: Kabla ya msingi kuchimbwa mpima wa Jiji aje athibitishe. Tulichofanya leo ni kujua ukweli uko wapi, ili tuzungumze bila kubahatisha.

Dada Mwanza: Na bwana kasemaje?

Mimi: Alitaka kuanzia kwenye hayo mashina 11, kwamba alikata cha kwake. Mama akamwambia, "Baba, hata yangekuwa yako yote, ungepiga hodi. Ningeanua mlenda wangu, ningefunga mtoto ndani, ningetafuta turubai. Umenifungulia mlango wa chumbani nikiwa sokoni." Bwana alinyamaza muda mrefu. Kisha akavua kofia akaomba radhi, mbele ya balozi. Akauliza habari za jicho la fundi, kumbe alikuwa hajaambiwa.

Mimi: Halafu nikamwomba nipande juu kwenye baraza yake. Alikubali. Jamani, nilichokiona pale kimenibadilisha mawazo. Unaona beseni la Mama. Unaona mlango wa bafu, kamba ya nguo, mpaka sufuria iliyo jikoni. Nikamwambia Mjomba ainue ufito wa mita tatu pale kwenye kamba, ule ukuta wa Kaka. Bado mlango wa bafu niliuona, kuanzia kifuani kwenda juu. Minyaa ya Baba ilikuwa inapita mita nne. Hakuna ukuta tutakaoumudu utakaofika pale.

Kaka Dar: Kwa hiyo hela ya bloku ni bure?

Mimi: Hapana, wa chini bado tunauhitaji kwa taka na wapita njia. Kozi nane, yaani safu nane za bloku, zinatosha, kama mita mbili. Kwa urefu ule ni bloku kama 350. Tumekubaliana ukae kwenye mstari, nusu yeye nusu sisi, balozi ameandika na wote wametia sahihi.

Mjomba: Muweke matundu chini, kila baada ya mita mbili. Maji ya Januari yanashuka kutoka upande wake. Ukiyazuia yatausukuma ukuta wote ulale kwenye banda la kuku.

Dada Mwanza: Na ile baraza?

Mimi: Amekubali kujengea upande unaotazama kwetu matofali ya matundu, mpaka juu ya kichwa. Hewa inapita, jicho halipiti. Hiyo ni kwa gharama yake. Wapangaji nao wamewekewa pipa la taka leo hii.

Wifi: Na bafuni tupande mzabibu kwenye chanja, majani yafunike juu. Nimeona kwa watu Mkonze, panapendeza.

Shangazi: Mzabibu mzuri, ila ukiupogoa unabaki vijiti vitupu kwa wiki kadhaa, na hapa kwetu tunapogoa mara mbili kwa mwaka. Kwa bafu ezekeni bati mbili tu. Mzabibu uende pale anapokaa kupepeta.

Kaka Dar: Sawa. Natuma nusu yetu ya bloku na saruji, na hizo bati mbili. Mama nisamehe, nilisoma nikiwa na hasira.

Mama: Ulikuwa na haki ya kukasirika, mwanangu. Mwambieni fundi yale mashina ya upande wa kuku asiyang'oe. Mpaka mvua zikianza yatakuwa yamechipua.

Mjomba: Nimemwambia. Nimeyafunga kitambaa chekundu yote.

Mimi: Turubai nimelifunga, kutoka kona ya choo mpaka nguzo ya kamba ya nguo, na jingine juu ya bafu. Nimepanda tena kule juu kuangalia, sioni kitu. Mama anaoga sasa hivi.