Tupeane uzoefu: mwenzi yuko chuo cha theolojia, watoto wadogo wako nyumbani (Nyanda za Juu Kusini)

Mama_Uyole
Wapendwa, Bwana asifiwe. Uzi huu ni wetu sisi ambao mwenzi ametumwa na dayosisi au jimbo kusomea uchungaji, iwe TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji) hapa Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa au Makumira kule Usa River, Arusha, na nyumba imebaki na watoto ambao hata chekechea hawajaanza. Ombi langu ni moja: tusihadithiane machozi. Tupeane kinachofanyika, kwa kiasi gani, na kinaharibikia wapi.

Naanza na kalenda. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo mahindi yanapandwa siku zilezile anazofunga begi, palizi na mbolea ya kukuzia vinakuja wakati yuko darasani, na likizo ndefu inamkuta mavuno yako ndani. Mikono inaondoka wakati wa kazi na kurudi wakati wa kula.

Kabla hajapanda basi, haya yawe yamekwisha: shamba limelimwa, mbegu kilo 10 kwa ekari ziko ndani, mbolea ya kupandia (DAP) mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, na hela ya vibarua wa palizi imetengwa. Hii ya palizi ndiyo husahaulika, halafu inatolewa kwenye hela ya maziwa. Mwenye mtoto mgongoni apunguze eneo. Ekari moja iliyopaliliwa kwa wakati inazaa kuliko mbili zilizomezwa na majani.

NesiWaNjombe
Mama Uyole umegusa penyewe. Ngoja niseme upande wa sahani.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe karibu nusu. Mikoa hii ndiyo inayolisha nchi! Ghala limejaa, lakini mtoto analishwa mara mbili kwa siku kwa sababu mama yuko shambani. Sasa mzazi mmoja akienda chuo, cha kwanza kupungua ni idadi ya milo. Hesabuni milo kabla ya kuhesabu shilingi.

Miezi 6 hadi 8: mara 2 au 3 kwa siku pamoja na kunyonya, anzeni na vijiko viwili vitatu mpaka afike nusu kikombe cha robo lita. Miezi 9 hadi 11: mara 3 au 4, nusu kikombe. Mwaka 1 hadi 2: mara 3 au 4, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na katikati kitu kidogo kama ndizi mbivu.

Uji uwe mzito. Inua kijiko ukigeuze kidogo: ukidondoka kwa mabonge taratibu, sawa. Ukitiririka kama chai, umempa maji ya moto tu, tumbo limejaa na mwili haujapata kitu.

Na hii "lishe" ya kuchanganya nafaka sita na soya sokoni, mimi siipendi. Soya isiyoiva vizuri inazuia mwili kutumia protini, karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na zikishasagwa pamoja huwezi kuona kilichooza. Chukua unga wa mahindi au ulezi peke yake. Karanga chambua kwa mkono, tupa zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au nyeusi, kaanga, saga, weka kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la mtoto. Au ponda robo ya parachichi ndani ya uji ukishaepuliwa. Rungwe na Njombe hatuna kisingizio cha parachichi.

Anayetoka alfajiri: suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mimina uji ukiwa unatokota, funga. Unafaa kwa mlo wa saa nne asubuhi. Ukifunguliwa ukabaki vuguvugu hadi mchana, umwagwe. Hapo ndipo kuhara kunapoanzia.

Mwl_Tukuyu
Na chai ya rangi na mkate si mlo. Chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ndizi za kupikwa na maharage yaliyopondwa vipo, gharama ni ndogo.

Mkinga_wa_Makete
Baridi. Juni hadi Agosti, mzazi aliye peke yake na watoto wawili anashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani walale na joto. USITHUBUTU. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hafi akiwa anahangaika, analala tu asiamke. Kufungua dirisha "kidogo" hakutoshi. Joto la kulalia ni nguo: mbili tatu nyepesi zilizopandana, soksi, kofia, na mtoto karibu na mwili wa mama. Jiko libaki nje.

Kikohozi nacho kisikuogopeshe, pumzi ndiyo ya kuangalia. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo uone tumbo, weka saa ya simu dakika nzima, hesabu linavyopanda. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka: 50. Mwaka 1 hadi 5: 40. Au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwa ndani akivuta hewa, hapo usisubiri asubuhi wala usipige simu chuoni kuuliza ushauri. Unaenda zahanati. Simu utapiga ukiwa kwenye foleni. Bodaboda unayemwamini namba yake ibandikwe ukutani, na nauli ya usiku isichanganywe na hela nyingine.

Baba_Kihesa
Mnaandika kana kwamba anayesoma ni baba siku zote. Je, akiwa ni mama, na mtoto ana miezi minne?

NesiWaNjombe
Shemeji, swali zuri. Njia ni mbili. Ya kwanza, mtoto aende na mama na yaya, wapange chumba cha kutembea kwa miguu hadi darasani. Ulizeni chuo mapema kama hosteli inapokea mtoto mchanga, na jibu liwe la maandishi, siyo la mdomo la mlinzi.

Ya pili, chuo kikiwa karibu na anarudi jioni, akamue. Mikono isafishwe kwa sabuni, kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa. Maziwa yanakaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na kwenye friji siku 4. Hayachemshwi: kikombe kinawekwa kwenye bakuli la maji ya moto hadi yapate uvuguvugu. Baba anyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa ya chuchu, maana chupa ni ngumu kusafisha. Na huko darasani mama akamue kila baada ya saa 3 hivi. Asipokamua, matiti yanajaa na kuuma, na baada ya siku chache maziwa yenyewe yanapungua.

Baba_Kihesa
Nimekuelewa. Na dada wa kazi?

Mama_Uyole
Sheria yetu hairuhusu kuajiri aliye chini ya miaka 14, na kwa mtoto mchanga mimi ningetaka mtu mzima kabisa. Jueni tu kwamba Desemba wengi wanaomba kwenda kwao, mwezi uleule wa palizi. Panga na bibi mapema.

Mzee_Mafinga
Karatasi, wanangu. Barua ya dayosisi isomwe mistari yote: inalipa ada tu, au na malazi? Posho ya familia ipo? Nyumba ya kanisa mnabaki nayo, au mwinjilisti mpya anaingia? Hilo la nyumba ulizeni kabla ya Oktoba, kwa sababu usharika hauwezi kukaa bila mtumishi, na si uonevu.

Vyeti vya kuzaliwa: utaratibu wa kuwasajili bure walio chini ya miaka 5, kwenye vituo vya afya na ofisi ya kata, ulianza kutumika mkoani Mbeya mwaka 2013. Tumieni kabla mtoto hajavuka umri. Na laini ya simu ya mama iwe kwa alama zake za vidole mwenyewe. Ikiwa imesajiliwa kwa jina la baba na ikapotea, hela imefungiwa humo na mwenye kidole yuko Arusha.

Mwl_Tukuyu
Upande wa mtoto mwenyewe. Wa miaka 3 hadi 5 haelewi "mwezi ujao". Weka maharage kwenye chupa, moja kwa kila siku iliyobaki, kila usiku atoe moja. Lakini hesabu ianze tiketi ikishakatwa. Ratiba ya mitihani husogea, na ukimrudishia maharage kumi kwenye chupa hatakuamini tena.

Baba akifika, wa mwaka mmoja anaweza kumlilia kama mgeni. Asimnyakue. Akae chini, mtoto awe mapajani kwa mama, amjie kwa hiari yake. Siku mbili tatu, wakati mwingine wiki. Na simu isitumike kutisha ("nitamwambia baba!"), la sivyo ikiita mtoto anajificha uvunguni.

Mkinga_wa_Makete
Wanaokwenda kumtembelea Makumira kupitia Dodoma: mtoto anatoka huku alfajiri na sweta mbili, mkifika Mtera anatokwa jasho. Sweta ya juu iwe ya vifungo, ivuliwe bila kumwamsha. Na watoto wa milima yetu ya baridi miili yao haijaizoea malaria, kwa hiyo mbebe chandarua. Kikae kwenye mfuko wa mkononi, siyo buti ya basi.