Sabuni imefungiwa kabatini, watoto wanatoka chooni moja kwa moja kwenye foleni ya uji

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Binti yangu yuko darasa la pili katika shule moja ya msingi hapa Dar. Wiki mbili zilizopita aliharisha siku tatu mfululizo, akalegea, macho yakaingia ndani. Tukamkimbiza zahanati usiku, akatundikiwa dripu. Amepona, namshukuru Mungu. Daktari aliniuliza, "Shuleni wananawa wapi?" Sikuwa na jibu.

Jumatatu nikaenda mwenyewe, saa nne, muda wa uji. Nikasimama karibu na vyoo. Watoto wanatoka mbio, wanajifuta mikono kwenye sketi na kaptula, hao kwenye foleni. Wengine wanakwenda kwa mama anayeuza mihogo getini. Tenki lipo na maji yamo, nililigonga nikasikia. Koki tatu zimeng'oka, matundu yamezibwa kwa vijiti vilivyoviringishiwa nailoni. Ya nne imefungwa kwa waya ili watoto wasichezee maji.

Nikauliza sabuni. Mwalimu wa zamu akanipeleka ofisini, akafungua kabati. Katoni nzima ya sabuni ya maji, chupa zina vumbi. "Tukiziweka nje zinaibiwa, mzazi. Hizi tunazitoa wakija wageni."

Wageni! Mwaka jana tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, wazazi tuliitwa, ndoo mpya zikapangwa uwanjani, watoto wakaimba, picha zikapigwa. Binti yangu bado anaukumbuka ule wimbo wote. Anajua kusugua katikati ya vidole, nyuma ya kiganja, chini ya kucha. Anajua, na hana pa kunawia.

Mzazi mmoja kwenye grupu letu la darasa kaniambia, "Mbona sisi tulikula hadi udongo na tukakua?" Ndugu yangu, waliokua ndio wanaosimulia. Mama yangu alizika watoto wawili kwa kuharisha kabla sijazaliwa. Hao hawapo kwenye grupu.

Kuharisha, homa ya matumbo, kipindupindu, baadhi ya minyoo: vyote vinatoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni, na mara nyingi vinapita mkononi. Dar tumeshaona kipindupindu cha 2015, hatuhitaji kuhadithiwa. Maji matupu hayatoshi, maana vimelea vinang'ang'ania kwenye mafuta na uchafu wa ngozi, na sabuni ndiyo inayovibandua. Sekunde 20 tu. Kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa watoto kwa karibu theluthi moja. Na msiniambie habari ya vitakasa mikono: haviui mayai ya minyoo, na mkono wenye uchafu unaoonekana havifai kitu.

Hela si kisingizio. Kibuyu chirizi ni dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyagia chini, ili mtoto asishike dumu kwa mkono aliotoka nao chooni. Mnaogopa wizi? Koroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, toboa kifuniko, ning'iniza pembeni. Nani ataiba hiyo? Mwaka 2020 korona ilipoingia, ndoo za koki zilijaa kila mlango wa duka ndani ya siku chache, na shuleni zilikuwepo. Moja nimeiona juzi jikoni, imejazwa maharage.

Nimeandika barua kwa kamati ya shule, nimeipeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu kasema nisubiri kikao cha wazazi mwezi ujao. Mwezi mzima wa uji na mihogo kwa mikono ile ile? Jumamosi hii naenda na madumu manne, kamba na misumari, na mafundi wawili wa mtaani wamekubali kunisaidia. Wakinifungia geti nitarudi hapa kuwaambia.

Wewe mzazi unayesoma hapa, kesho saa nne pita shuleni kwa mwanao, kasimame karibu na choo dakika tano. Halafu njoo utuambie ulichokiona.