MREJESHO: Kuhama Dar kuja Dodoma, gharama zinapungua kweli?

Wakuu, niliuliza kama mshahara uleule unatosha zaidi Dodoma kuliko Dar. Asanteni, hesabu imekaa hivi.

Umeme ndipo nafuu ilipo. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi. Dar ukiwa nazo mbili, 36 zimeondoka, karibu nusu ya zile uniti 75 kwa mwezi ambazo mtumiaji mdogo anauziwa kwa bei nafuu. Huku Juni na Julai unatafuta blanketi.

Maji yanarudisha pigo. Ni ya mgao, na mengi yana chumvi: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Nunueni tangi la lita 1,000 mapema. Ni madumu 50, kwa matumizi ya madumu 8 kwa siku linafika siku 6.

Unga na mafuta ya alizeti, huku afadhali. Nazi na samaki wa baharini, sahau.

Kodi msiangalie bei tu. Chumba cha bei chee mtaa wa Nkuhungu, kazi ikiwa Mtumba kwenye mji wa serikali, upande wa pili wa jiji, nauli inaimeza tofauti yote. Na kila safari ya Dar kwa treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000, kwenda tu.