Homa ya ini B sugu: nianze dawa, nisubiri na vipimo, au mitishamba?

Kijana_wa_Sengerema
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina miaka 34. Mwezi wa pili nilichangia damu, nikapigiwa simu nirudi, nikaambiwa nina homa ya ini B. Nimerudia baada ya miezi 6, bado ipo, daktari kasema ni sugu. Siumwi popote. Nalima, nabeba mizigo, nakula vizuri.

Majibu: wingi wa virusi 1,150, vimeng'enya vya ini ALT 34 na AST 38, chembe sahani (za kugandisha damu) 210, altrasaundi haikuona kitu. Daktari kasema nisubiri, nipime kila miezi 6. Rafiki yangu wa famasi anasema nianze tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, sasa hivi. Shangazi naye kaniletea mitishamba, chupa mbili za lita moja na nusu, rangi kama chai iliyolala. Mngekuwa mimi mngeshika ipi?

MamaPacha_Moro
Mdogo wangu, mitishamba usiidharau. Binamu yangu macho yalikuwa ya njano kama binzari. Kanywa dawa ya mzee mmoja wiki tatu, akapona kabisa. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Nesi_wa_Zamu
Dada, uliyoyaona nayaamini. Ila kuna homa ya ini A, ile ya chakula na maji machafu, ambayo huondoka yenyewe. Hata B ikimpata mtu mzima, katika watu 100 takribani 95 miili yao huifukuza ndani ya miezi 6. Kwa hiyo anayekunywa dawa ya mzee anapona, na jirani yake asiyekunywa chochote naye anapona, halafu sifa zote zinakwenda kwenye chupa.

Ya huyu kijana ni habari nyingine. Wengi wenye B sugu waliipata wakizaliwa au wakiwa wadogo sana. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki nayo. Hospitali hatuna dawa ya kuimaliza, tunayo ya kuizuia isizaliane. Mzizi wa kuitoa sijauona. Na chochote unachokunywa, ini ndilo linalokichuja, ini lile lile tunalotaka lipumzike. Nimepokea wagonjwa wodini ambao ini lilizidiwa na chupa kabla ya virusi.

Bin_Salim_Tanga
Mimi niligundulika 2018 nilipopimwa afya nikienda Oman kikazi. Safari ikafia pale pale. Virusi vilikuwa zaidi ya 40,000, ALT 88, nikaanzishiwa tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku. Mwaka haujaisha virusi havionekani tena. 2021 nikajiona nimepona, nikaacha mwenyewe bila kumwambia mtu. Baada ya miezi mitatu macho njano, mkojo mweusi, nikalazwa siku tisa. Ndugu yangu, ukianza usiache bila daktari, vinarudi kwa hasira. Na kabla ya kuanza wakupime figo na VVU. Mwenye VVU akimeza tenofovir peke yake, virusi vyake vya UKIMWI vinajenga usugu dhidi ya dawa.

Tabibu_Kisiwani
Tuzitazame namba. Kuna hesabu ya kukisia makovu ya ini. Chukua AST 38, gawanya kwa 40, kiwango cha juu cha maabara nyingi: 0.95. Gawanya kwa chembe sahani 210, zidisha kwa 100. Unapata 0.45. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaanza kuhofia makovu kwenye ini ikizidi 0.5. Virusi vyako havijafika 2,000, mpaka wa kufikiria dawa. ALT ya mwanamume isizidi 30, yako imepita kidogo tu. Kwa namba peke yake, daktari wako yuko sahihi.

Lakini kuna kitu hujasema. Nyumbani kwenu kuna aliyekufa kwa ini?

Kijana_wa_Sengerema
Baba. 2006, nikiwa kidato cha kwanza. Tumbo lilijaa maji, miguu ikabaki vijiti, alikuwa analala ameketi, ameegemea gunia la mpunga. Tulimpeleka kwa waganga watatu. Ilisemekana katupiwa.

Tabibu_Kisiwani
Pole sana, mdogo wangu. Basi hesabu imebadilika. Mwongozo ule ule unasema mwenye B ambaye kwenye familia kuna saratani ya ini au ini kusinyaa anafaa kuanza dawa hata namba zikiwa ndogo. Baba hana cheti cha hospitali kinachotaja ugonjwa, lakini tumbo lile ni la kumsimulia daktari kama ulivyotusimulia sisi. Rudi kwake. Altrasaundi kila miezi 6 iko pale pale, umeze dawa usimeze.

Mkeo apimwe, akiwa hana, achanjwe sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Sahani na vikombe kuleni pamoja, wembe na mswaki kila mtu wake. Na wote mliozaliwa na baba yule mpimwe.

Mutua_Makueni
Niongeze moja. Huku kwetu 2004 mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu, yaliua watu 125. Kwa mwenye B, sumu hiyo inaongeza sana hatari ya saratani ya ini, na kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu yatupe, hata kama debe ni la mwisho.

Kijana_wa_Sengerema
Wakuu, nimerudi. Nilipomweleza habari za baba, daktari aliweka kalamu chini, akaanza kuniuliza upya. Figo safi, VVU sina, tenofovir nimeanza Jumatatu. Mke hana, kachanjwa ya kwanza. Chupa nimemrudishia shangazi kwa heshima, nikamwomba naye apime.

Tumezaliwa watano. Dada wa Geita anayo. Kaka mkubwa anayo pia, na yeye hunywa kila jioni. AST yake 71, chembe sahani 118. Tabibu, naomba unikokotolee.

Tabibu_Kisiwani
1.5. Ikivuka 1 tunahofia ini limeshaanza kusinyaa. Pombe aache leo. Mpeleke kesho asubuhi, asisubiri kliniki ya mwezi ujao, na nenda naye mwenyewe.