Mashine ya gemu ya zamani: kuitunza, au emuleta inatosha?

Padi Mbovu: Wakuu, kompyuta moja yenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine za gemu, inabeba NES, Mega Drive na PlayStation ya kwanza kwa pamoja. Unasevu popote, ukifa unarudi pale pale. Sasa anayejaza chumba maboksi yaliyogeuka njano anatunza nini? Naona mnaabudu plastiki tu.

Chogo Halisi: Plastiki? Cheza Duck Hunt kwa bunduki yake kwenye hicho kioo chako bapa. Hupati bata hata mmoja, bunduki ile inasubiri mwanga wa TV ya chogo. Wewe hujawahi hata kupuliza kaseti ya gemu ili iwake.

Padi Mbovu: Napiga kwa mausi, sikosi.

Chogo Halisi: Ndiyo maana hukosi.

Fundi Kapasita: Hapo kwenye kupuliza, jamani acheni. Pumzi ina unyevu, pini zinashika kutu. Nintendo wenyewe walikataza.

Chogo Halisi: Nimepuliza utoto mzima na zikawaka.

Fundi Kapasita: Ziliwaka kwa sababu uliichomoa ukaichomeka upya. Soketi ya NES ina pini 72, zikilegea hazigusi sawasawa. Pumzi yako ilikuwa dua tu.

Leveli Nane: Mimi nilipulizia juu ya fulana. Fulana inachuja unyevu.

Fundi Kapasita: Dada, hapana.

Leveli Nane: Hapana kivipi? Eleza.

Padi Mbovu: Swali lilikuwa emuleta…

Mshale Kushoto: Emuleta ni wizi, kwisha. Sony walishawapeleka watu mahakamani wakashinda, miaka ya tisini huko.

Padi Mbovu: Sony walianza vizuri, rufaa ikawageukia. Connectix, waliounda emuleta ya PlayStation, walishinda, Marekani, 2000. Kuunda emuleta si kosa. Kugawa gemu za watu ndiyo kesi nyingine.

Mshale Kushoto: Na wale wa emuleta ya Yuzu je? Walilipa dola milioni 2.4!

Padi Mbovu: Hiyo ni 2024, walikubaliana kulipa. Tena ilikuwa ya Switch, mashine ya Nintendo. Tangu lini Switch ikawa ya zamani? Nyie kaeni na kaseti zenu, betri za ndani zikifa na sevu zinakwenda. Mnalinda makaburi.

Chogo Halisi: Chunga mdomo. Kaseti yangu ya Zelda, nafasi ya pili ina jina la kaka yangu. Aliliandika mwenyewe na hayupo tena. Hilo utalipakua wapi?

Padi Mbovu: Pole, kaka. Sikujua.

Fundi Kapasita: Betri ile umewahi kubadilisha?

Chogo Halisi: Naogopa. Nikiitoa si kila kitu kinafutika?

Padi Mbovu: Kinafutika, ndiyo. Ila vipo visomeo vya kaseti: unainakili sevu kwenye kompyuta, fundi anabadilisha betri, unairudisha kama ilivyokuwa.

Chogo Halisi: Yaani niingie kwenye emuleta?

Padi Mbovu: Sevu tu. Emuleta shauri lako.

Fundi Kapasita: Na kabla ya kuichomeka kwenye kisomeo, safisha pini kwa spiriti na pamba. Usipulize.

Leveli Nane: Hata kwa fulana?