Viungo vyangu kumi na kimoja vimefutwa usiku mmoja. Kutaja tovuti yangu mwenyewe ni kosa?

Mzee wa 58

Hamjambo wenzangu. Nivumilieni kwa urefu, jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumanne.

Nilianza umakanga, yaani utingo wa matatu, mwaka 1991, njia ya 58, Buruburu. Nilining'inia mlangoni miaka kumi na mitatu, mpaka sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza Februari 2004 na mwenye gari akashindwa na gharama ya vidhibiti mwendo na mikanda. Tangu hapo nakusanya habari za matatu za Nairobi. Nina madaftari tisa. Nimeketi na madereva waliokuwa barabarani kabla ya 1973, mwaka ambao Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu. Wamenieleza walivyokuwa wakiwakwepa askari, na jinsi nauli ilivyokuwa sarafu tatu za senti kumi, mang'otore matatu, ambako jina lenyewe lilitoka. Wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao ninazo kwenye simu.

Miaka minne iliyopita binti yangu alinifungulia tovuti. Naandika humo yale niliyosikia, na Jumamosi nawatembeza wageni kutoka Railways hadi Tea Room nikiwaonyesha steji za zamani. Shilingi 1,500 kwa kila mtu. Hela hiyo ndiyo inayolipia tovuti.

Mwezi huu nikajisajili katika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaweza kuhariri. Nikasoma makala kuhusu matatu, kuhusu usafiri wa Nairobi, kuhusu mitaa ya Eastlands, nikaona mapengo ninayoweza kuyaziba. Nikaongeza sentensi, na kila sentensi nikaiwekea rejeo, yaani ukurasa wa tovuti yangu unaohusika. Kwenye makala nyingine niliweka kiungo tu, chini kabisa, penye Viungo vya nje. Jumla kumi na kimoja, kazi ya jioni moja.

Kulipokucha vyote havipo. Mhariri mmoja, simjui, ameacha neno: viungo vya matangazo, mwandishi anajirejelea mwenyewe. Nikavirudisha. Akaviondoa. Nikavirudisha tena. Sasa nimeonywa kuwa nitafungiwa.

Jana ikaja barua pepe kutoka kwa mtu anayejiita mhariri mzoefu. Nikimtumia elfu kumi na tano, viungo vitarudi na hakuna atakayevigusa.

Naomba kuelewa. Habari hii niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu. Nikiitaja, nataja nani kama si mimi? Na huyu wa elfu kumi na tano, nimjibu?

---

Mhariri wa Usiku

Pole sana Mzee, na heshima kwako. Nimehariri Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza miaka tisa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Naanza na elfu kumi na tano. Usitume hata shilingi. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 kwa mkupuo, kundi lililokuja kuitwa Orangemoody. Walikuwa wakiwavizia wafanyabiashara wadogo na wasanii ambao makala zao zimekataliwa au kufutwa, kisha wanawaandikia: tulipe tukurudishie. Kukataliwa kwako kunaonekana na kila mtu kwenye historia ya ukurasa, na matapeli wanasoma historia hiyo kama wewe ulivyokuwa ukisoma sura za abiria stejini. Hakuna mhariri mwenye uwezo wa kuahidi kwamba kitu hakitaguswa. Hata mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, hana. Tena tangu 2014 masharti ya matumizi yanamtaka yeyote anayelipwa ili ahariri amtaje hadharani anayemlipa. Huyo hatakutaja.

Sasa viungo. Jiweke mahali pa yule aliyevifuta. Anaona akaunti changa, tovuti moja, makala kumi na moja, jioni moja. Hivyo hasa ndivyo wauzaji wa dawa za kupunguza unene na wakopeshaji wa mtandaoni wanavyofanya kila siku. Hana njia ya kujua una madaftari tisa. Nimefungua tovuti yako, Mzee. Ni kazi nzuri mno, nimesoma masimulizi mawili mpaka mwisho. Lakini kila ukurasa, juu kabisa, kabla ya neno la kwanza la historia, kuna namba ya till ya M-Pesa na "Weka nafasi yako ya Jumamosi". Msomaji aliyebofya rejeo ili athibitishe jambo la 1973 anapokelewa na bei. Si dhambi kuuza ziara. Ila kiungo kinachofikisha watu dukani huitwa tangazo hata kama nyuma ya duka pana maktaba.

Na kama ulitarajia vikupandishe kwenye Google, tangu 2007 viungo vyote vya nje vya Wikipedia vina alama ya "nofollow", inayoziambia injini za utafutaji zisivihesabu kama kura kwa tovuti inayolengwa. Faida hiyo haikuwepo. Hasara ndiyo ipo. Ukiendelea kuvirudisha, jina la tovuti yako linaweza kuingizwa kwenye orodha ya marufuku, na ya jumla inahusu lugha zote. Likishaingia humo, hata mtu mwingine akitaka kukutaja kwa nia njema, ukurasa utakataa kuhifadhika. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa ajili yako kuliko kufungiwa kwa saa chache.

Kujitaja mwenyewe hakujapigwa marufuku kabisa. Mtu anaweza kutumia maandishi yake kama yanahusika kweli, si mengi, na yamechapishwa mahali ambapo mtu mwingine aliyakagua kabla hayajatoka. Tovuti yako umeiandika wewe, ukaihariri wewe, ukaichapisha wewe. Inatosha kuthibitisha mambo kukuhusu wewe, kwamba ulianza kazi 1991 kwa mfano. Haitoshi kuthibitisha habari za watu wengine, na kwa walio hai mlango umefungwa kabisa isipokuwa wao wenyewe ndio waandishi.

---

Mtoto wa Kaloleni

Mimi nampinga Mhariri kidogo. Yote aliyosema kuhusu matapeli ni sawa. Lakini "mtu mwingine aliyekagua" alikuwa nani mwaka 1968? Matatu ilikuwa haramu, mwenye nayo asingeandika popote. Magazeti yaliandika ajali na misako. Dereva aliyejificha Machakos Road hakuhojiwa na yeyote mpaka huyu Mzee alipomfuata na simu. Sheria ya vyanzo ilitungwa na watu ambao kwao kila kijiji kina gazeti la miaka mia, halafu sisi tunaambiwa babu zetu "hawajathibitishwa".

Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India na wenzake walifanya mradi wa marejeo ya mdomo, India na Afrika Kusini, wakarekodi watu na kuzitumia rekodi hizo kama vyanzo. Ubishi ulikuwa mkubwa, na mpaka leo mahojiano uliyofanya mwenyewe huhesabiwa kuwa utafiti wako binafsi. Miaka yote hii! Mzee hakukosea kukasirika.

---

Mhariri wa Usiku

Ndugu yangu, sibishi kwamba pengo lipo, nami linaniuma. Nyanya yangu aliuza uji Shauri Moyo na hayumo katika kitabu chochote. Lakini mlango unaomfungulia Mzee huyu mwaminifu bila kumkagua ndio huohuo atakaoingilia yule wa elfu kumi na tano, na yeye ana akaunti mia.

---

Mzee wa 58

Asanteni. Mhariri, sikulipa. Nimemzuia.

Hilo la till limenichoma kwa sababu ni kweli. Binti yangu aliiweka juu ili watu wasikose kuiona, nami nikasahau kwamba ipo. Lakini nauliza jambo moja. Ile sentensi ya 1973 ni kweli, kila mtu anaijua, hata imo katika makala ya kamusi elezo yenyewe. Kwa nini nayo aliifutia rejeo langu?

---

Dada wa Marejeo

Mzee, samahani nitasema wazi, na nasema kwa heshima. Nimelinganisha ukurasa wako wa 1973 na makala ile. Aya yako ya pili na ya tatu ni ileile ya kamusi elezo, karibu neno kwa neno, na kwenye historia inaonekana ilikuwepo huko miaka kadhaa kabla ya tovuti yako kufunguliwa. Maana yake ulinakili kutoka kule, kisha ukarudi kule ukaweka tovuti yako kuwa ushahidi. Kamusi ikathibitishwa na kamusi, ikipitia kwako. Makala ikiwa na kosa, sasa kosa hilo lina shahidi. Mwandishi wa gazeti ataliona lina rejeo, atalichapisha, na gazeti lake nalo litawekwa kuwa rejeo la pili. Baada ya hapo kulitoa ni kazi ngumu sana.

Nadhani yule mhariri aliona hilo na ndiyo maana hakukupa nafasi. Alipaswa kukueleza kwa maneno zaidi ya sita.

Kwa 1973 vyanzo huru vipo. Kenda Mutongi ameandika historia nzima ya matatu za Nairobi, kitabu kilitoka Chicago 2017, na kimepitia mikono ya wasomaji wa chuo kikuu kabla ya kuchapwa. Kwa njia zenyewe, kuna ramani iliyotolewa 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wa MIT na Columbia, vyuo vikuu vya Marekani, njia zaidi ya 130, na 58 yako bila shaka utaitafuta kwanza. Kwa magazeti ya zamani nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Ukipata habari uliyoisikia kwa dereva imeandikwa pia gazetini, hata kwa mistari minne, taja gazeti. Neno lako linasimama na jina lako halihitajiki.

Yale ambayo hayapo kokote isipokuwa kwenye simu yako, usiyalazimishe kuingia kwenye makala. Yaandike upeleke kwa mhariri wa gazeti au jarida, akukatekate, akuulize maswali, achapishe. Kisha nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, useme "mimi ndiye mwandishi, naomba mwingine apime kama inafaa", ungoje. Inachukua wiki, wakati mwingine miezi. Na hizo sauti zinakilishe leo, Mzee, mahali pawili. Simu huibiwa.

Swali moja tu: una picha?

---

Mzee wa 58

Dada, umesema kweli kuhusu aya hizo. Tulipokuwa tukijaza tovuti mwanzoni tulichukua za kule, nikadhani nitaziandika upya, miaka ikapita. Nimeziondoa usiku huu. Till nayo imeshuka hadi ukurasa wa ziara peke yake. Yule mhariri nimemwandikia kuwa sitavirudisha viungo na kwamba tovuti ni yangu. Amejibu kwa upole kuliko nilivyotarajia.

Picha ninazo. Sitini na kitu, nilizipiga kwa kamera ya filamu kati ya 1993 na 2001, nyingi za manyanga, zile matatu zilizopambwa, michoro yote inaonekana. Mbona unauliza?

---

Dada wa Marejeo

Kwa sababu picha za matatu za miaka ya tisini zilizo huru kutumika ni adimu mno, na wewe unazo sitini. Zipeleke Wikimedia Commons, ghala la picha huru ambako Wikipedia za lugha zote huchota. Ulizozipiga wewe tu, si za rafiki, maana haki ni ya aliyebonyeza kamera. Elewa kabla ya kupakia: leseni inamruhusu mtu yeyote kuzitumia, hata kwa biashara, mradi akutaje, na huwezi kuiondoa baadaye. Kama kuna picha unayotaka kuiuza kwenye kadi, ibaki nyumbani. Andika mahali, mwaka, njia, aina ya gari. Maelezo yako ndiyo yatakayoipa picha thamani, na hapo hakuna atakayekuuliza umejuaje kwamba ile ni steji ya Buruburu.

---

Mzee wa 58

Binti yangu amezipiga skani tano leo mchana. Nimepakia moja, nyingine nazifikiria kwanza kwa sababu ya hilo la biashara.

Ni Isuzu yetu, imeegeshwa stejini asubuhi, 1996, mvua imetoka kunyesha na rangi inang'aa. Dereva amekaa kwenye ngazi anakunywa chai. Fomu iliuliza maswali mengi. Penye "chanzo" nilisita kidogo, nikasoma machaguo yote mara mbili, nikabofya: kazi yangu mwenyewe.